Elimu ya jinsia ya chuo kikuu: mtihani wake uko vijijini

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Mpanda, mkoani Katavi.



Nilipofika hapa Mpanda na kutaja jambo nililokuja kulizungumzia, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Mwanangu, mwanamke tunamjua na mwanamume tunamjua. Sasa huko chuo kikuu mnakaa miaka mitatu mnasomea nini?" Watu waliokuwapo walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini usiku nililifikiria swali lile, nikaona kwamba halikuwa mzaha hata kidogo. Mwananchi anayelipa kodi ili vijana wasome anayo haki ya kuuliza wanasoma nini, na kile wanachosoma kinamrudia yeye kwa njia gani. Mazungumzo yangu ya leo ni jibu kwa mzee yule.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mtu huzaliwa mwanamke au mwanamume. Hiyo ni jinsi yake, na hakuna chuo kinachofundisha kuibadili. Lakini nani achote maji, nani auze mazao, nani akae mbele kwenye mkutano wa kijiji, nani aache shule fedha zinapopungua nyumbani, hayo hatukuzaliwa nayo. Yamepangwa na watu, na kwa kuwa yamepangwa na watu, yanaweza kupimwa na watu, na yale yasiyo ya haki yakapanguliwa. Kuupima mpango huo ndiko kusoma jinsia. Na kuuliza ni nani anayebeba mzigo na ni nani anayekula matunda yake ndiko kusoma haki ya jamii. Kwa hiyo mambo haya mawili hayatengani.

Nitatoa mfano ambao kila mmoja wenu anaufahamu, maana uko mlangoni petu. Katavi ni mkoa wa wakulima. Tunalima mahindi, mpunga, karanga, na katika sehemu nyingi tunalima tumbaku. Tumbaku huanzia kwenye kitalu, na kitalu kinataka maji kila siku. Nani anayachota? Miche ikihamishiwa shambani huja palizi. Halafu huja kuchuma majani, kuyafunga kwenye fito, kuyapanga ndani ya bani na kulinda moto usiku ili majani yakauke bila kuungua. Kuni zinatoka wapi, na zinaletwa na kichwa cha nani? Baadaye majani huchambuliwa kwa madaraja, kazi inayotaka jicho na uvumilivu, na mara nyingi ni akina mama na watoto wanaokaa chini siku nzima wakiifanya. Mwishoni huja siku ya soko. Siku hiyo kitabu cha chama cha msingi kinafunguliwa, na jina lililoandikwa humo, kwa sehemu kubwa, ni la baba. Fedha zinaingia katika akaunti ya baba.

Sisemi kwamba kila baba ni mlaji wa jasho la mkewe. Wako wengi wanaokaa na wake zao wakapanga matumizi kwa heshima na mapenzi. Ninachosema ni kwamba mama huyo anategemea hisani pale ambapo angepaswa kutegemea haki. Mume akiwa mwema, mama atavaa. Mume akiwa mlevi, au akifariki na ndugu zake wakaja kudai mali, mama hana hata mstari mmoja wa wino wa kuonyesha kwamba aliwahi kulima. Msomi wa jinsia anayestahili jina hilo ni yule anayekitazama kitabu kile cha ushirika na kuona majina yasiyoandikwa.

Ndugu zangu, wako watu wanaosema kwamba mambo haya ni kasumba iliyoletwa na wageni pamoja na fedha za miradi. Nawaomba wafungue historia ya nchi yetu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kupita mtu mwingine yeyote katika nchi hii, na kwamba wanaume wengi wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo hayakuandikwa na mgeni. Yaliandikwa na Chama kilichokuwa kikijenga Ujamaa, kikitambua kwamba huwezi kukataa unyonyaji wa mtu kwa mtu barabarani na kuuacha ukae jikoni.

Chuo chetu kikuu nacho kilianza mapema. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, kabla hakijahamia Mlimani. Haikupita hata miaka kumi, mwaka 1969, mwalimu mmoja wa chuo hicho, Marjorie Mbilinyi, alitoa utafiti kuhusu elimu ya wasichana wa Tanzania. Alichunguza mawazo ya wasichana wenyewe na mawazo ya baba zao. Tazameni hekima ya jambo hilo. Hakuishia kuhesabu madawati. Alikwenda kuuliza ni nani nyumbani anayeamua kwamba mtoto huyu aende shule na yule abaki. Kabla ya utafiti wa namna hiyo, kutokuwako kwa wasichana darasani kulionekana kama hali ya hewa, jambo lisilo na mwenyewe. Baada yake kukaonekana kuwa ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Nakuja sasa kwenye fundisho ambalo linatuhusu sisi wenyewe tulio katika Chama na Serikali. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma lilifanya makubwa. Liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe na nafasi ya kuanza shule ya msingi, na kwa uamuzi huo mamia ya maelfu ya wasichana waliingia darasani kwa mara ya kwanza. Azimio hilo hilo liliamua pia kwamba kijana asitoke kidato cha sita na kuingia moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, aujue umma, apate ushuhuda wa mahali pake pa kazi na wa Chama, ndipo aende kusoma. Nia ilikuwa njema kabisa. Tulikataa kufuga kizazi cha wasomi wanaowatazama wakulima kutoka juu.

Lakini nini kilitokea? Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilianguka. Sababu yake haikuandikwa popote katika Azimio. Ilikuwa ndani ya maisha. Kwa kijana wa kiume, miaka miwili ya kazi ilikuwa miaka miwili ya kazi. Kwa msichana wa umri ule, miaka miwili nje ya shule ilikuwa ni posa, ndoa, mimba, mtoto mgongoni, na mume anayeuliza ni chuo gani hicho kisichoweza kusubiri. Sharti lilikuwa moja kwa wote, na matokeo yakawa mawili. Haikuchukua miaka mingi kosa hilo likatambuliwa, na wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita.

Nimekitaja kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba mtu anaweza kudhulumu bila kukusudia, na ndiyo maana nia njema peke yake haitoshi. Inahitaji elimu ya kuona mbele. Pili, kinaonyesha kwamba kukiri kosa na kulirekebisha si aibu kwa Chama wala kwa Serikali. Kila mmoja wenu anayeandika taratibu, awe Mwalimu Mkuu anayepanga michango au Afisa Mtendaji anayeitisha mkutano wa kijiji saa za kuchota maji, anaweza kurudia kosa la 1974 kesho asubuhi bila kujua.

Katika miaka ya 1980 wanawake wasomi wa Mlimani walijikusanya katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo wakaanzisha kikundi chao cha kusoma na kutafiti hali ya wanawake. Mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas, mkutubi, na Mbilinyi niliyekwisha kumtaja, walitoa kitabu kilichokusanya na kuchambua maandishi yaliyokuwa yamepatikana kuhusu wanawake wa Tanzania. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake waliunda chama chao, TAMWA. Mwaka 1993 ulizaliwa Mtandao wa Jinsia Tanzania. Kivukoni nako, pale ambapo TANU ilianzisha chuo chake mwaka 1961 kwa ajili ya kufundisha viongozi, sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na Jinsia na Maendeleo ni mojawapo ya masomo yake. Njia hiyo ni yetu wenyewe, na imepasuliwa na watu wetu wenyewe.

Hata hivyo, ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kusifu vyuo. Nataka niwakumbushe mwezi mmoja tu katika historia yetu, mwezi wa Februari 1990, kwa sababu katika mwezi huo yalitokea mambo mawili ambayo yakiwekwa pamoja yanatufundisha kuliko vitabu vingi.

Jambo la kwanza lilitokea Mlimani, Dar es Salaam. Wakati ule wanafunzi wa kiume wasiojitaja majina walikuwa na desturi ya kubandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wanafunzi wa kike. Waliita gazeti lao Punch. Msichana aliyebandikwa humo alitengwa, akazomewa, akaogopwa hata na wenzake wa kike, maana aliyemkaribia angeweza kubandikwa kesho yake. Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekwisha kusumbuliwa na kudhalilishwa na wenzake wa kiume, alijitoa uhai. Alikuwa amepita katika tundu la sindano: shule ya msingi, sekondari, kidato cha sita, mpaka akafika kilele cha elimu ya nchi hii. Na hapo kileleni, katikati ya wasomi, hakupata mtu wa kumkinga.

Jambo la pili lilitokea Mwanza, wiki chache baadaye katika mwezi huo huo. Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilitoa hukumu katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Bibi Holaria alikuwa mwanamke wa mkoa wa Kagera aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza aliliuza. Mtu wa ukoo akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, ingawa mwanamume aliweza. Jaji aliitazama Katiba ya nchi, ambayo tangu mabadiliko ya mwaka 1984 ilikuwa na sehemu ya haki za binadamu, akasema mila hiyo ni ya ubaguzi na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume anavyoweza. Bibi yule alishinda.

Ndugu zangu, yawekeni mambo hayo mawili katika mizani. Aliyekuwa chuo kikuu alikosa haki; aliyekuwa kijijini aliipata. Kwa nini? Si kwa sababu kijiji kinapenda wanawake kuliko chuo. Ni kwa sababu kule Mwanza palikuwa na sheria iliyoandikwa, na palikuwa na mtumishi wa umma mmoja, jaji, aliyekuwa tayari kuisoma sheria hiyo hadi mwisho na kuitumia. Kule Mlimani, elimu ilikuwa tele, lakini kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake aanze. Hapo ndipo ninapopata jambo ninalotaka mwondoke nalo leo: elimu ya jinsia haipimwi kwa shahada. Hupimwa siku mnyonge anaposimama mbele ya meza ya mtumishi wa umma, na mtumishi huyo ana uwezo wa kumsaidia ama kumrudisha.

Basi tuziangalie meza zetu hapa Katavi.

Iko meza ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Sheria hiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na wasiopungua 3 kati yao wawe wanawake. Mkoa wetu una watu waliokuja kutoka sehemu nyingi: Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wenyeji, Wasukuma waliokuja na mifugo, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 na wengi wao wakapewa uraia wa nchi yetu. Mahali penye mchanganyiko kama huu, ardhi ni jambo la kugombewa, na mjane ndiye wa kwanza kusukumwa. Nawauliza maafisa waliomo humu: wale wanawake watatu wanahudhuria? Na wakihudhuria, wanasema, au wameitwa ili idadi itimie na baadaye wapike chai? Kijana aliyesoma jinsia chuo kikuu akiletwa wilayani kwenu na asiulize swali hilo, basi nchi imepoteza fedha zake.

Iko meza ya shule, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika nchi nzima wasichana 27 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katavi walikuwa 45 katika kila 100. Hakuna mkoa uliotuzidi wakati huo. Nimewasikia watu wakiieleza hesabu hiyo kwa kulaumu maadili ya wasichana. Lakini msichana wa miaka 15 anayetembea mwendo mrefu kwenda sekondari, au anayepanga chumba peke yake karibu na shule kwa kuwa hakuna bweni, akitegemea debe la unga kutoka nyumbani, huyo hakuzidiwa na maadili. Amezidiwa na umbali, na njaa, na mwanamume mtu mzima mwenye pikipiki na fedha za chips.

Sheria zetu zimeyumba katika jambo hili na sasa zimeanza kusimama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa wakati wake ilikuwa na mambo mengi ya maendeleo, iliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa msichana miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Mwaka huo huo wa 2016 Bunge liliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Kwa upande wa msichana mwenyewe, kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuingia katika ndoa, na kwa miaka mingi mimba ikahesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa safari. Hatimaye Novemba 2021, katika mwaka ule ule ambao nchi yetu ilipata Rais wake wa kwanza mwanamke, Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, warudi katika shule za kawaida, na muda wa miaka miwili ukawekwa kwa ajili ya kurudi huko.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Katika safari zangu za kazi katika mkoa huu nilikutana na msichana mmoja akiuza karanga, mtoto mgongoni. Sitataja kijiji wala shule. Alikuwa ameacha masomo akiwa kidato cha pili. Tangazo la kurudi alilisikia redioni, naye akaenda shuleni mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa arudi na mzazi. Alikwenda na mama yake, akaambiwa alete barua ya Serikali ya kijiji. Aliileta, akaambiwa mkuu yuko safarini, asubiri muhula ujao. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Kila aliyemjibu alimjibu kwa upole. Nilipomwuliza kama atakwenda tena, alijibu: "Kaka, nimeelewa walichokuwa wananiambia."

Ndugu walimu, miaka miwili ile inahesabiwa na kalenda. Haisubiri safari za mkuu. Waraka wa Serikali ulikuwa umeufungua mlango, na sisi tukausimamia mlangoni. Hilo ndilo kosa la Musoma linalorudi kwa sura nyingine, na ndilo kosa la Mlimani la 1990 pia: kila mmoja anamngoja mwenzake, na mnyonge anachoka kabla yetu.

Wakati mwingine mwalimu hana haja ya kungoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianza mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitumia ngoma, maigizo na majadiliano kuyataja mambo yaliyokuwa yanawakwamisha shuleni, wakayasema mbele ya walimu na wazazi. Mpango huo ulivuka mipaka ukaenda katika nchi nyingine za Afrika. Huo ni usomi wa chuo kikuu uliovua viatu ukakanyaga vumbi. Unahitaji nini kuuanzisha hapa? Kivuli cha mwembe, saa moja kwa wiki, na mwalimu ambaye akisikia ukweli unaomhusu yeye mwenyewe hatachukua fimbo.

Najua wako ndugu zangu wanaume wanaoketi hapa wakijiuliza: na mtoto wa kiume je? Swali ni la haki. Mvulana anayeachishwa shule akachunge ng'ombe, au anayekimbilia machimbo ya dhahabu akiwa na miaka 14, naye amepangiwa maisha na watu kwa sababu ya jinsi yake. Elimu ya jinsia ikiwa ya kweli itamwona na yeye. Lakini tusitumie machozi ya mvulana kufuta machozi ya msichana. Na sisi wanaume tuliosoma tuwe wakweli: wengi wetu tumesomeshwa na jasho la dada zetu. Mimi ni mmojawapo. Ada ilipotosha mtoto mmoja, nyumbani kwetu hakikufanyika hata kikao, ilijulikana tu. Nilisoma somo la jinsia chuo kikuu nikafaulu vizuri, na katika karatasi zangu zote za mtihani sikuwahi kumwandika dada yangu. Nilidhani somo lile lilihusu watu wengine.

Kwa hiyo nina neno kwa chuo kikuu pia. Vijana wa vyuo huja Katavi, hukaa wiki mbili, huwauliza akina mama maswali mengi, kisha huondoka. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa rafuni. Mama aliyetoa habari za maisha yake haoni tena hata ukurasa mmoja. Huo ni uchukuzi wa mali ghafi, hauna tofauti na mkoloni aliyejenga reli ya Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya kupakia madini ya risasi ya Uruwira. Mtafiti arudi. Asome matokeo yake kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, na wanakijiji wampinge pale alipokosea. Sasa mkoa wetu wenyewe una kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Mpimbwe, inayobeba jina la Mizengo Pinda. Kijana anayesomea kilimo hapo, na afundishwe kwamba shamba halijapimwa mpaka imeulizwa ni mikono ya nani inayolilima na ni mfuko wa nani unaopokea.

Na kwenu ninyi nina maombi matatu, yote madogo. Kila mkuu wa shule aliyeko hapa, akirudi kituoni, aandike majina ya wasichana walioacha masomo katika miaka miwili iliyopita, awatume walimu wakawatafute nyumbani, asingoje waje. Kila afisa wa ushirika auitishe mkutano wa chama cha msingi na kuuliza wanachama wanawake ni wangapi, na kwa nini. Kila afisa wa ardhi akipeleka hati ya hakimiliki ya kimila kwa mtu mwenye ndoa, aulize jina la mwenzake liko wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za mfadhili wala semina ya hotelini.

Mzee wangu mwalimu mstaafu, ambaye namwona ameketi pale nyuma, uliniuliza tunasomea nini. Jibu langu ni hili. Tunasomea kuona kile ambacho macho yetu yamezoea kutokukiona. Na kama tukihitimu bado hatukioni, basi uliuliza sawasawa, nasi tulikula kodi yako bure.